Hulka si Jina Jingine la Tabia

Katika insha za uhakiki tunazoandika vyuoni, hakuna sehemu inayoandikwa kwa haraka kuliko ile ya wahusika. Mwanafunzi huorodhesha majina, kisha mbele ya kila jina huweka sifa mbili tatu: mlevi, mkarimu, mvumilivu, mwenye tamaa. Akiona neno "tabia" limejirudia mno katika ukurasa, huchomeka "hulka" ili insha ipendeze. Ndivyo tunavyofika mahali pa kusoma kwamba Zakaria ana hulka ya ulevi na Rosa ana hulka ya uasherati, na mhadhiri huweka alama ya vema pembeni, kwa sababu sifa zote mbili zinaonekana katika riwaya.

Makala hii inalihusu neno hilo moja. Ninadai kwamba anayesema hulka ametoa dai kuhusu chanzo cha matendo ya mtu, na asipolithibitisha dai hilo huwa amemhukumu mhusika kabla ya kusikiliza kesi yake. Wasomaji wa mahali pengine wanaweza kuliona hili kuwa jambo la msamiati tu. Kwetu sisi tunaojifunza na kufundisha Kiswahili nchini Rwanda lina uzito zaidi, na nitaueleza uzito huo kabla ya kumaliza.

Tuanze na kamusi, kwa kuwa ndiko tunakokimbilia. Kamusi za Kiswahili sanifu kwa kawaida huieleza hulka kwa msaada wa tabia: ni ile tabia ambayo mtu huzaliwa nayo. Huongeza silika kama kisawe. Ukienda kwenye silika, unakutana tena na tabia, safari hii ya asili. Watunga kamusi hawana lawama kubwa hapa, maana kidahizo kimoja hupewa mistari miwili tu ya kujieleza. Lawama ni yetu tunaosoma neno la kwanza la fasili tukafunga kitabu kabla hatujafika kwenye "huzaliwa". Ukiondoa neno hilo, hulka haina kazi ya kufanya ambayo tabia haijaifanya tayari.

Maneno yote matatu yalitoka katika Kiarabu. Hulka ni ya mzizi wa kuumba, na ndugu zake tunao mpaka leo: kuhuluku ni kuumba, mahuluki ni kiumbe, na hata halaiki, yaani umati wa watu, imetokana na viumbe hao hao. Zamani wengi waliandika khulka, na wapo watu wa pwani ambao bado huitamka kh yake, kama wanavyotamka kheri pale ambapo sisi tunasema heri. Kwa hiyo neno hili limezaliwa katika nyumba ya uumbaji. Linamtazama mtu alivyotoka mikononi mwa Muumba, kabla mzazi, mwalimu au rafiki hajamgusa.

Tabia nayo inatoka katika mzizi wa kupiga chapa, ndiyo maana mahali pa kuchapia vitabu huitwa matbaa. Katika Kiarabu tabia ni maumbile, ile chapa iliyopigwa tangu mwanzo. Kiswahili kililipokea neno kisha kikalihamisha taratibu: leo tabia ni mwenendo, mazoea, yale ambayo mtu hufanya mara kwa mara na angeweza kuacha. Mabaki ya maana ya kale hayajapotea yote. Tunasema tabianchi, na hakuna anayedhani kwamba nchi imeiga ukame kutoka kwa nchi jirani. Mwalimu wa kemia husema tabia za metali bila kuilaumu chuma kwa kushika kutu. Lakini tukimtaja binadamu, maana mpya ndiyo inayotawala, na "badili tabia" imekuwa kauli ya kila siku, kuanzia kwa mzazi hadi kwenye mabango ya afya.

Kama tabia imehama, kiti chake cha zamani kilibaki wazi, na mmoja wa waliokikalia ni hulka. Haya si madai ya mizizi ya Kiarabu peke yake, kwani mzizi wa neno haulazimishi matumizi ya leo. Kiswahili chenyewe kinashuhudia. Sema "ameacha tabia ya kuvuta sigara" na hakuna atakayeshtuka. Sema "ameacha hulka ya kuvuta sigara" na sikio lolote lililozoea lugha litakwama. Vivyo hivyo mtoto hupata tabia mpya shuleni, hufundishwa tabia njema, huiga tabia ya wenzake. Jaribu kuweka hulka katika sentensi hizo na kila moja itachechemea. Upande wa pili, "si hulka yangu kusema uongo" ina nguvu ambayo "si tabia yangu kusema uongo" haina. Ya pili inasema sijazoea. Ya kwanza inasema hata nikijaribu nitashindwa, sivyo nilivyoumbwa. Wanasiasa wanalijua hilo vizuri, ndiyo maana chama kilichozaliwa juzi mbele ya msajili kinaweza kutangaza kwamba rushwa si hulka yake.

Silika isichanganywe na jozi hii kwa pupa. Silika ni ya jinsi nzima ya viumbe: buibui hutanda utando, kuku hufunika vifaranga wake mwewe anapopita, mtoto mchanga hutafuta titi. Hatumsifu buibui kwa bidii wala hatumlaumu. Hulka ni ya mtu mmoja kwa jina lake, inamtofautisha na ndugu yake waliyelala tumbo moja, na bado tunaweza kuisifu au kuichukia. Mpole kwa hulka ni mpole tofauti na jirani yake. Kwa sababu hiyo "hulka ya binadamu", maneno tunayoyasikia kila mahali, ni matumizi ya kunyoosha kidogo. Siyapigi marufuku, lakini aliye makini angesema maumbile au silika.

Kwa mzungumzaji wa Kinyarwanda tofauti hii haipaswi kuwa ngumu. Lugha yetu ina kamere kwa yale ambayo mtu huzaliwa nayo, ina imyitwarire kwa mwenendo unaoonekana, na ina ingeso kwa mazoea, hasa yale mabaya. Hakuna mama wa Kinyarwanda anayechanganya kamere ya mwanawe na ingeso aliyoitoa mtaani. La kwanza atalieleza kwa kumtaja babu, la pili atatafuta fimbo. Ajabu ni kwamba tukiingia darasa la Kiswahili tunaiacha tofauti hii mlangoni, na maneno yote matatu tunayatupa ndani ya kapu moja linaloitwa tabia, kisha tunaichukua hulka kama ua la kupamba kapu.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, ikazuiwa mashuleni kwa muda, kisha ikarudi na kuwa kitabu cha kiada. Rosa analelewa Ukerewe na baba mlevi na mkali, Zakaria, ambaye anamchunga binti yake dhidi ya wavulana kwa namna ambayo mlinzi wa gereza angeionea wivu. Barua moja ya Charles inamletea Rosa kipigo kikubwa. Anakua akiwaogopa wanaume bila kufundishwa lolote kuwahusu, halafu anapofika mbali na macho ya baba, shuleni na chuoni, anaanguka, na anaendelea kuanguka hadi maisha yake yanaharibika kabisa.

Swali linaloibeba riwaya ni hili: nani alimharibu Rosa? Kila ukurasa wa malezi yake umewekwa pale kama ushahidi. Ulevi wa baba, kipigo, ukimya wa nyumba kuhusu mwili na mapenzi, vyote ni vielelezo vya kesi. Hata mwisho wa riwaya mwandishi hawaachi wapumzike: baba na binti wanafikishwa mbele ya Mungu, na lawama zinarushwa huku na huku. Sijui riwaya nyingine ya Kiswahili inayolipeleka suala la malezi mbele ya hakimu mkubwa kiasi hicho.

Basi soma tena ile sentensi ya insha zetu: "Rosa ana hulka ya uasherati." Kwa maneno matano mwanafunzi amemwachia Zakaria huru. Kama Rosa alizaliwa hivyo, kipigo cha baba hakikumdhuru. Pengine hata kilikuwa juhudi ya mzazi aliyeiona hatari mapema akajaribu kuizuia. Riwaya nzima inageuka hadithi ya binti mbaya aliyeadhibiwa, na hivyo ndivyo waliotaka kuizuia walivyopenda isomwe, kwamba ni kitabu cha msichana mchafu. Mwanafunzi hakukusudia kuungana nao. Alikuwa akitafuta kisawe tu.

Nimewahi kujibiwa katika semina kwamba ninapasua nywele, kwamba mtahini ataelewa. Naam, ataelewa sifa, lakini hataelewa kwamba hoja imepinduka. Tunafundishwa kutofautisha mhusika bapa na mhusika duara, na tunaandika kwa fahari kwamba Rosa ni duara kwa sababu anabadilika. Kisha katika aya inayofuata tunampa hulka, kitu kisichobadilika, cha kuyaeleza mabadiliko yale yale. Insha ya namna hiyo inajipinga yenyewe ndani ya ukurasa mmoja, na kwa bahati mbaya nyingi hupata daraja la kwanza.

Lakini sitaki neno lifukuzwe katika uhakiki. Kuna kazi zinazolidai. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ndugu watatu wanaitwa Adili, Hasidi na Mwivu. Majina yenyewe yametangaza hulka kabla mhusika hajatenda lolote: mmoja ni mwadilifu, wa pili ana husuda, wa tatu ana wivu. Ni watoto wa baba mmoja, kwa hiyo mhakiki hawezi kukimbilia malezi kama alivyofanya kwa Rosa. Hapa hulka ni neno sahihi. Tena bila neno hilo mhakiki ataishia kulalamika kwamba wahusika wa Shaaban Robert ni bapa, lalamiko tulilolirithi bila kulichunguza. Ubapa huo ni wa makusudi. Mwandishi anauliza wema utafanyaje ukizaliwa nyumba moja na husuda.

Jambo linalonivutia zaidi ni kwamba hata huko hulka haikupewa neno la mwisho. Hasidi na Mwivu wanageuzwa manyani, na Adili analazimika kuwapiga kila usiku huku moyo ukimuuma. Baadaye wanasamehewa na kurudishiwa umbo la binadamu. Majina yanabaki, nao wanapata nafasi ya kuwa watu upya. Mhakiki anayetumia hulka kwa uangalifu ana mengi ya kusema juu ya mwisho huo: je, kilichobadilika ni umbo tu, au na kile kilichoandikwa katika majina? Anayeitumia hulka kama kisawe cha tabia hawezi hata kuliuliza swali hilo, maana kwake tabia hubadilika kila siku na hakuna la ajabu.

Nilisema nitaeleza uzito wa jambo hili kwetu. Kiswahili kina methali za pande zote mbili. Kuna "mtoto umleavyo ndivyo akuavyo", na kuna "mtoto wa nyoka ni nyoka". Vitabu vya methali huziweka katika kurasa tofauti, na mwanafunzi huchagua inayofaa insha yake. Methali hii ya pili ikisomwa katika darasa la Rwanda haisomeki kama mahali pengine. Katika nchi hii kulikuwa na watu walioitwa nyoka, inzoka, na walioitwa mende, inyenzi, katika magazeti na redio, na hoja iliyofuata ilikuwa ni ile ya methali: kwamba ubaya unazaliwa, kwa hiyo mtoto naye asibaki. Mwaka 1994 watoto wachanga waliuawa kwa mantiki hiyo. Mtoto mchanga hana tabia bado. Wauaji walikuwa wamempa hulka.

Mantiki hiyo ilikuwa na historia ndefu. Wasafiri na watawala wa Kizungu wa karne ya 19 na ya 20 waliandika kwamba Mtutsi ni mtawala kwa kuzaliwa, Mhutu ni mkulima mtiifu kwa kuzaliwa, na Mtwa ni hivi na vile. Walieleza sura za watu na mioyo yao katika sentensi moja, kana kwamba urefu wa pua na uaminifu ni vitu vya aina moja. Katika miaka ya 1930 Wabelgiji waliyaweka makundi hayo katika vitambulisho, na kitambulisho kikarithiwa na mtoto kutoka kwa baba. Kilichokuwa hali ya maisha, ambayo kwa kiasi fulani mtu aliweza kuihama kwa kupata au kupoteza ng'ombe, kiligeuzwa kuwa hulka yenye muhuri wa serikali. Vitambulisho vya namna hiyo viliondolewa baada ya mauaji ya kimbari. Sentensi za namna hiyo haziondolewi kwa sheria. Bado tunazisikia, katika lugha zote, mtu anapoanza na "hulka ya watu wa kule ni..." na kumalizia kwa lolote alilonalo moyoni. Hazihusu Wanyarwanda pekee. Katika eneo letu lote la Afrika Mashariki kila kabila lina hulka iliyotungwa na majirani zake.

Sisemi kwamba mwanafunzi anayeandika "Rosa ana hulka ya uasherati" anafanana na waandishi wale. Ninasema ametumia zana ile ile, bila kuangalia ina makali upande gani. Mahali salama pa kujifunza kuishika ni uhakiki, kwa sababu Rosa hawezi kuumia.

Upo upinzani mmoja ambao ninauheshimu. Lugha ni ya wanaoitumia, na kama wengi wanasema hulka wakimaanisha tabia, basi hulka ni tabia. Hata tabia yenyewe ilihama hivyo hivyo. Hilo ni kweli, na pengine baada ya miaka 50 makala hii itasomwa kama malalamiko ya mzee aliyeandika akiwa kijana. Lakini neno likihama, wazungumzaji hutafuta jingine la kukaa mahali pake, kama ilivyokuwa kwa tabia. Sioni tumeandaa lipi. Tutabaki na "tabia ya kuzaliwa nayo", maneno manne badala ya moja, na uvivu wetu tunaujua: tutakata matatu ya mwisho.

Na kwa kuwa nimezungumzia kuzaliwa na kitu, niruhusiwe kugusa jambo linalotuhusu kama wanafunzi wa nchi jirani. Tumezoea kuambiwa kwamba Kiswahili fasaha ni cha waliozaliwa nacho, na sisi wa Kigali, Bujumbura au Kampala tutabaki wageni wake. Wanasarufi wa Kiarabu walikuwa na neno la uwezo huo wa kuzaliwa nao, wa Mbedui anayesema sawasawa bila kufundishwa. Ndilo lililotupa silika. Lakini kitabu kikuu cha kwanza cha sarufi ya Kiarabu, katika karne ya 8, kiliandikwa na Sibawayh, Mwajemi, mtu aliyejifunza lugha hiyo. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017. Sheria haimpi mtu silika ya lugha, ila inampa sababu ya kuisoma kwa jicho la mgeni, ambalo mara nyingine huona mahali ambapo mwenyeji amezoea mno kupita.

Kinachobaki ni ombi kwa wahadhiri wetu, kwa heshima zote. Swali la mtihani linalosema "Jadili hulka za wahusika wakuu wa riwaya" limeshajibu nusu ya swali kabla mwanafunzi hajashika kalamu. Swali lingeweza kusema "Jadili mwenendo wa wahusika wakuu, kisha eleza unatokana na nini." Mwanafunzi atakayeona kwamba jibu ni hulka, aandike hulka, na atuonyeshe ni ukurasa gani uliomlazimisha.